Bega la Odhiambo

Vijana wangu wa studio, najua mnachotafuta. Tangu nikabidhi funguo mmekuwa mkifungua kompyuta zangu moja baada ya nyingine, mkitafuta ule mwendo wa mtu mwenye bega lililoshuka. Mmesimuliwa na watu waliouona kwamba hakuna katuni iliyowahi kutembea hivyo hapa Kisumu. Hamtaupata. Nimechoka kuulizwa kwenye ngazi, basi naandika mara moja, nanyi mkae chini msome. Mishahara na vyeo sitavitaja. Cheo changu kilikuwa Mama Katuni, na sikukiomba.

Nilianzia nyumbani, Nyamasaria, kwenye meza ya kulia chakula. Nilikuja huku kutoka Murang'a nikiwa bibi arusi. Mume wangu aliuza viatu vya mitumba soko la Kibuye, nami nilishona sare za shule dirishani. Kompyuta ile aliinunua yeye kwenye mnada wa ofisi iliyokuwa ikifungwa, akidhani ni televisheni. Alipoona haishiki stesheni hata moja alinuna wiki nzima, kisha akaniachia. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuchora ambayo mtu wa ofisi ile alisahau kuifuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa chuo changu.

Nyinyi mmezoea kulalamika kwamba mashine ni nzito, programu ni ya zamani, skrini ni ndogo. Mchagua jembe si mkulima. Mimi nilichora kwa mausi ambayo mpira wake wa chini ulishika nywele na nyuzi za cherehani, na kila asubuhi nilianza kwa kuusafisha kwa kijiti cha kiberiti kilichochongoka. Nilichora mpira unaodunda, picha moja, halafu nyingine iliyosogea kidogo, halafu nyingine, mashine ikizipitisha haraka. Mpira wangu wa kwanza haukudunda. Ulishuka kwa heshima, ukatua, ukakaa. Sikuwa na wa kumuuliza, kwa hivyo nilichukua mpira wa mwanangu nikaurusha ukutani siku nyingi mpaka mwenye nyumba akaja kulalamika. Hapo nikaona: juu kabisa unasitasita, chini unakimbia. Picha za juu zibanane, za chini ziachane. Hilo nililipata kwa kelele, na bado naona mkilikosea.

Stima nayo ilipotea ilivyotaka. Mara ngapi nimelia mbele ya skrini nyeusi, sufuria ikiungua jikoni? Tangu wakati huo siinuki kitini kabla sijasevu, hata nyumba ikishika moto.

Aliyenifundisha kazi yenyewe hakuwahi kugusa kompyuta. Ni Mzee Ouma, mchoraji wa mabango, aliyechora vichwa vya vinyozi na majina ya boti. Alikuwa mkali, na aliamini kwamba kompyuta hung'oa nywele, ingawa yeye alikuwa na upara na hakuwahi kuikaribia. Nilimwita anichoree bango la sare dirishani. Akachungulia ndani, akaona mtu wangu wa kuchorwa akiteleza kwenye skrini. Akaweka brashi chini.

"Hii mtu yako haina uzito," alisema. "Hata upepo inaweza beba."

Alinifanya nizunguke ua nikiwa nimebeba ndoo ya maji, kisha ndoo tupu, kisha sina kitu, akiniuliza kiuno kinasemaje. Majirani walidhani ananitoa pepo. Somo lake lilikuwa kwamba mtu hatembei kwa miguu, anatembea kwa mzigo wake, hata ule aliouweka chini zamani. Utafute mzigo kwanza, miguu itafuata. Alikufa kabla sijapata kazi ya maana ya kumwonyesha, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa niwatajie jirani yangu. Mlango wa tatu kutoka kwangu aliishi Mama Odhiambo, mjane, mwuza omena, wale dagaa wa ziwani, mama mnene wa maneno machache. Mwanawe pekee, Odhiambo, alikuwa kijana wa makamo hivi, mtu wa kusukuma mkokoteni wa mitungi ya maji. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, watu wenye majina ya Kikuyu kama langu walianza kufungasha. Sitaeleza mengi, waliokuwepo wanajua, wasiokuwepo waulize wazazi wao. Mama Odhiambo alikuja kwangu mchana, mwanawe nyuma yake na mkokoteni. Hawakuuliza. Walichukua watoto wangu wawili, cherehani na kompyuta, wakaviingiza nyumbani kwao, na kompyuta wakaifunika kwa magunia ya omena. Vijana wa vurugu walipokuja kugonga wakitutafuta, alisimama mlangoni akawaambia ndani kuna omena tu, anayetaka kunusa aingie. Hakuna aliyeingia.

Mimi na mume wangu tulilala kituo cha polisi. Wengi wa kwetu hawakurudi tena Nyamasaria, nami siwalaumu. Mimi nilirudi kwa sababu ya yule mama. Kompyuta ile, kila ilipopata moto, ilinuka omena mpaka siku ilipokufa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wangu nilimnusa kila nilipofanya kazi.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilitoka kwa shirika moja lililoshughulikia usalama ziwani. Walitaka filamu fupi ya katuni ya kuonyesha ufuoni, watu wavae majaketi ya kuelea. Hadithi ilikuwa rahisi. Mtu anatoka nyumbani asubuhi kwenda ziwani, mkewe anamkimbilia na jaketi, analivaa huku akinung'unika, dhoruba inakuja, boti inapinduka, na mwishoni anarudi nyumbani kwa njia ile ile, mzima. Nilihitaji mwendo wa mtu mzima mwenye uzito wake.

Nikamwomba Odhiambo. Alicheka sana. "Mama Katuni, unataka nitembee tu? Hakuna kazi ingine?" Nilimrekodi kwa kamera ya kuazima, akienda kando ya mtaro na kurudi, akienda na kurudi. Miaka ya mkokoteni ilikuwa imemshusha bega la kulia. Aliposukuma hukuliona, lakini akitembea mikono mitupu bega lilibaki chini, kana kwamba bado linasikilizia mzigo. Nilikumbuka Mzee Ouma, nikachora picha kwa picha, hatua kamili, picha ya mwisho ikikutana na ya kwanza ili azunguke bila kukatika. Nilipoiwasha nilisimama kutoka kitini. Mtu alikuwa anatembea ndani ya kompyuta yangu, na nilimjua.

Uso sikumpa wake. Nilimpa ndevu, mashua ya kijani, shati jekundu, na jina la kubuni. Kwa mwendo wa kurudi nyumbani sikuchora upya. Niliugeuza tu ule wa kwenda, ulioelekea kulia ukaelekea kushoto. Mashine inafanya hivyo kwa kubonyeza mara moja. Nyinyi pia mnafanya, kwa hivyo msinitazame hivyo.

Odhiambo alikuja kujiona, akacheka tena, akamwita mamake aje. Mama alisema atakuja omena ikiisha. Omena haikuwa ikiisha.

Baadaye maji ya mfereji yalifika mtaani na mkokoteni ukakosa kazi. Odhiambo akarudi kwao Seme, mbele ya Kombewa, kuvua mbuta kwenye boti ya jamaa zake. Filamu yangu ilikuwa bado kwa shirika, ikisubiri mtu fulani atie sahihi. Alasiri moja upepo ukawakuta mbali. Wenzake walishikilia madumu ya mafuta wakaokolewa. Yeye hakuonekana. Boti ile haikuwa na jaketi hata moja.

Mama Odhiambo alifunga mlango wake Nyamasaria akaenda kutembea ufuoni, kutoka ghuba moja hadi nyingine, akitazama kwenye magugu maji. Niliandamana naye mara mbili. Hakulia. Aliangalia tu, na kila kitu cheusi kilichoelea alikisubiri mpaka kifike.

Ziwa halikumrudisha. Wazee wakakaa, wakaamua azikwe kwa yago. Kwetu Murang'a jambo hilo hatuna, ikabidi nielezwe. Mzee Omolo, mdogo wa marehemu babake Odhiambo, ndiye aliyenieleza, kwa upole kabisa. Yago ni lile tunda refu, zito, linaloning'inia kwenye mti wa mwegea. Mtu akipotelea majini, tunda hilo huzikwa badala ya mwili wake, kwa jeneza, kwa maombi, kwa kila kitu. "Mtu akikosa kaburi, anatembea," Mzee alisema. "Tukizika yago, anatulia."

Kabla jeneza halijafungwa, Mama aliomba alibebe lile tunda. Wakampa, likiwa limefungwa shuka. Alilishika kidogo, akalirudisha, akaniambia mimi niliyekuwa karibu naye kwamba ni jepesi. Nilimwambia "mos", neno lao la pole. Sikuwa na jingine, kwa Kikuyu wala kwa Kiswahili.

Sahihi ilipatikana mwezi huo. Shirika likapanga kuanza maonyesho, na kwa kuwa msiba ulikuwa mbichi kwa watu wa Seme, wakaona waanzie huko huko. Walinichukua niwashe mitambo. Nilijua mwendo ni wa nani, lakini nilijiambia uso ni mwingine, shati ni jingine, nani atajua? Jua lilipozama tukatundika shuka jeupe ufuoni. Watu walijaa, wavuvi na wake zao na wachuuzi, wakicheka ile mashua ya kijani. Kisha mtu wangu akatoka nyumbani kwake akaanza kutembea.

Kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja akatamka jina, si kwa sauti kubwa: Odhiambo. Halafu mwingine. Halafu nduru, ile nduru ya msiba ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau. Na filamu haikujua, iliendelea. Mwishoni alipotokea tena kwenye lile shuka, akitoka ziwani, akirudi nyumbani, watu waliinuka wakakimbia. Viti vya plastiki vilibaki vimepinduka.

Kijana wa shirika, mtu wa Milimani, aliyekuja na gari lake, alikuwa amefurahi. "Umeona, Mama? Wakilia ndio wanashika." Mimi niliendelea kukunja waya. Mpaka leo sijui ningemjibu nini bila kumpiga.

Siku chache baadaye Mzee Omolo alifika kwangu Nyamasaria, amevaa koti na kofia. Nilimkaribisha chai, akakataa, na nyinyi mnajua mzee akikataa chai kwako maana yake nini. Alisema jamaa zake walimzika kijana wao kwa haki yote, nami nikamfufua kwa stima. Hakunitukana. Aliniambia niondoe kile kitu kabisa, kisibaki hata kivuli chake, na kwamba mwenyekiti wa ufuo ameshakataza shuka lile lisitundikwe tena. Nikamwambia sawa, Mzee. Nilikuwa tayari kufuta, wallahi nisingebakisha kitu, ila aliniambia kwamba Mama Odhiambo yuko njiani kurudi mjini na nisimwonyeshe. Nikaona hilo nisiahidi. Mtu aliyeficha watoto wangu siwezi kumficha mwanawe.

Alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda changu cha kushonea, mkoba juu ya magoti. "Nyar Okuyu," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Wakikuyu. "Kabla utoe, mimi nione."

Nikawasha. Kompyuta ikapata moto, omena ikanukia. Odhiambo akatembea. Mama alitazama mwendo wa kwenda mpaka nikafikiri amelala macho wazi. Aliniambia nirudie, nikarudia, akaniambia tena. Kisha nikamwonyesha ule wa kurudi nyumbani, nikidhani huo ndio utakaomfariji. Akautazama mara moja tu.

"Huyo anaenda ni wangu," alisema. "Huyo anarudi simjui."

Nilidhani ni uchungu unaongea. Akainuka, akaweka kidole kwenye kioo. "Bega."

Nikaangalia. Nilipougeuza mwendo, bega la kulia lilikuwa limegeuka pamoja nao. Mtu aliyekwenda ziwani alishusha bega la kulia. Aliyerudi alishusha la kushoto. Mimi niliyemchora sikuona, shirika halikuona, ufuo mzima ulikimbia bila kuona. Mamake aliona mara moja. Mbele ya Seme yote nilikuwa nimemrudishia mtu mwingine mlangoni kwake. Nilihisi aibu mpaka kwenye miguu.

Akaketi tena, akauliza kwa nini ule wa kwenda hauishi, mwanawe anaenda wapi. Nikamweleza kwamba haendi popote, kwamba mashine inarudia hatua zile zile, kwamba akiachwa atatembea mpaka stima ipotee.

"Basi amechoka," alisema. "Mrudishe na bega yake. Halafu umkalishe."

Nikamwambia Mzee ameagiza afutwe. Akaniambia amesikia. "Mzee anataka apumzike. Mimi pia. Lakini mtu hapumziki akiwa kwa barabara."

Vijana, nimefanya kazi nyingi baada ya hapo. Hakuna iliyokaribia kunishinda kama hiyo. Mwendo wa kurudi niliupata kwenye ile rekodi ya zamani. Odhiambo alikuwa amekwenda na kurudi kando ya mtaro, nami nilikuwa nimetazama kwenda peke yake. Nikauchora upya, bega la kulia likiwa upande wa mbali, gumu kuliona, na kila picha likitaka kuniponyoka. Lakini kukaa sikuwa nako. Hakuna siku nilimrekodi akikaa. Nilimkalisha kwa kubuni, magoti yakikunjika vizuri, mgongo wima, nikamwita Mama.

"Huyo ni pastor," alisema, akataka kuondoka.

Kisha akasimama mlangoni, akafikiri. Akaweka mkoba chini. Akarudi ndani ya chumba akitembea, na nilipomwona nilishika meza, kwa sababu bega lake la kulia lilikuwa limeshuka. Alifika kwenye kigoda, akakigeukia mgongo, akapeleka mkono nyuma kukipapasa kwanza kama hakiyumbi. Kwao kulikuwa na kigoda cha mguu mbovu, na Odhiambo alikipapasa hivyo tangu utoto. Akajishusha kidogo, akaachilia uzito wote kwa ghafla, akatoa pumzi. Mguu wa kulia akaunyoosha mbele. Akasugua goti.

Mama mnene, mwenye miaka zaidi ya sitini, na kwa muda ule chumbani kwangu alikuwa ameketi mwanawe. Nilimwomba arudie. Alirudia kila nilipomwomba, mpaka nikaipata kila sehemu, na hakulalamika hata mara moja. Nilikuwa nachora huku machozi yakiangukia kibodi. Siku hiyo ndipo naye alipolia kwa mara ya kwanza, akiwa amekaa vile vile, mguu umenyooka, na hakuinuka mpaka akamaliza.

Nilipokamilisha nilimwita, akaja na Mzee Omolo. Mzee alibaki kwenye kizingiti, kofia kichwani, kama mtu anayetaka kuondoka upesi. Nikazima ile amri ya kurudia, nikawasha. Odhiambo akatokea, bega likiwa mahali pake, akaja mpaka kwenye kigoda, akakigeukia mgongo, akakipapasa. Akakaa. Akanyoosha mguu. Mikono ikatulia juu ya goti, na baada ya hapo hakuna kilichosogea. Tulisubiri. Hakuna kilichosogea.

Mzee akavua kofia.

"Sasa zima," Mama alisema.

Nikazima. Mzee Omolo aliingia ndani, akavuta kiti, akauliza kama ile chai bado ipo.

Miendo yote miwili niliifuta mchana huo huo, wa kwenda na wa kurudi, pamoja na rekodi ya mtaroni. Shirika niliwapa filamu nyingine, mtu yule yule wa ndevu lakini kwa mwendo wa mume wangu, ambaye hutembea kama aliyepoteza funguo. Kijana wa Milimani alilalamika kwamba siku hizi hakuna anayelia. Nilimwambia wakivaa majaketi inatosha. Wengine walivaa, wengine hawakuvaa, ziwa linaendelea kuchukua.

Mama Odhiambo alizikwa mwaka jana, Seme, kando ya yago. Mzee Omolo alitangulia. Kwa hivyo hakuna tena wa kumwomba ruhusa ya kuyasimulia haya, na ndiyo maana nawaandikia sasa, kabla hamjafika kwenye ile kompyuta ya zamani iliyo chini ya meza yangu, ile ambayo nimeihamishia faili zangu za Nyamasaria. Kompyuta zigawaneni, brashi na vitabu pia. Ndani ya ile ya zamani mtakuta picha moja isiyo na jina, ile ya mwisho niliyoibakisha, ya mtu ameketi kwenye kigoda, mguu wa kulia umenyooshwa. Mtaona bega, na mtajua. Programu za siku hizi zinaweza kumwinua atembee kwa picha hiyo moja tu. Nimewaona mkifanya na picha nyingine.

Huyo msimwinue.